Rehani ya Nyumba Wakati wa Ugomvi wa Ndoa: Ni Nani Alipe?

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kusoma ramani, kuongoza doria usiku na kuandika taarifa ya tukio bila kuongeza chumvi. Hatukufundishwa kusoma hati ya rehani. Hata hivyo, tangu tulipokabidhiwa kazi ya uhusiano wa jeshi na wananchi katika pande hizi za Jinja na Mbale, karatasi ambazo askari hutuletea mara kwa mara, wakiziweka mezani kwa haya na kuzifunika kwa kofia, ni karatasi za mikopo ya nyumba. Na nyuma ya karatasi hizo, aghalabu, kuna ndoa iliyoingia mashakani.

Swali huwa ni lile lile, liulizwe na koplo wa jeshi au na inspekta wa polisi: "Afande, mimi na mke wangu hatuishi pamoja tena. Yeye yumo ndani ya nyumba, mimi nimo kambini. Mkopo alipe nani?" Naye bibi akija, kwa maana mabibi nao huja, huuliza swali hilo hilo likiwa limegeuzwa: "Hati ina jina lake. Mimi nilipe kwa nini?"

Wazee wetu hawakusumbuliwa na jambo hili. Askari aliishi katika nyumba ya kambi. Mfanyakazi wa kiwanda cha Jinja aliishi Walukuba, katika nyumba za kupanga za enzi ile ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mume na mke wakigombana, mmoja alifunga mizigo yake akaenda kwao, na kodi ya nyumba haikuwa deni la miaka mitano. Leo mambo yamebadilika. Askari wengi wanajenga, tena wanajenga kwa mkopo, nasi tunawasifu kwa hilo. Chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo kilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wanajeshi, na polisi wana Exodus yao. Benki nazo hazimkimbii mtu mwenye mshahara wa serikali. Lakini anayejenga kwa mkopo amemwingiza mtu wa tatu katika nyumba yake, naye ni mkopeshaji, ambaye hana habari kama mmenuniana au mmepatana.

Sajini na bibi yake

Kisa tunachokieleza hapa hakina jina la mtu, kwa kuwa si cha mtu mmoja. Tumekiunga kutokana na visa kadhaa vilivyopita mikononi mwetu, ili asiwepo atakayenyoshewa kidole.

Sajini alirudi kutoka Somalia, ambako majeshi yetu yamekuwa yakihudumu tangu mwaka 2007, akiwa na akiba yake ya posho. Akanunua kiwanja upande wa Namatala, katika Divisheni ya Viwanda ya Mbale, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kiwanja alikilipia taslimu. Nyumba ilipofika usawa wa linta, fedha zikakauka. Ndipo alipokwenda kukopa shilingi milioni 10, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, za kulipwa kwa miezi 60. Hati ya kiwanja ikawekwa rehani. Bibi yake, ambaye huuza vitambaa sokoni, akaitwa na kutia sahihi ya idhini.

Malipo ya kila mwezi yalikuwa kama shilingi 254,000. Wenyewe waliafikiana kwa mdomo tu: uani walijenga vyumba vinne vya kupangisha, bibi atakusanya kodi na kuipeleka benki, Sajini ataongeza kilichopungua kutoka katika mshahara. Kwa miezi 24 mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu katika Mbale, ukuta wa nyuma uliangushwa na maji. Sajini alikuwa kazini mbali. Bibi aliujenga upya kwa fedha za kibanda chake cha vitambaa, bila kuomba risiti ya fundi wala ya saruji. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hilo la risiti.

Kisha ukaja ugomvi. Sababu yake si kazi yetu kuisimulia. Sajini alihamia kambini, bibi akabaki katika nyumba pamoja na watoto. Mwezi wa kwanza Sajini hakupeleka chochote benki, akisema: "Anayekaa ndani na anayekusanya kodi ndiye alipe." Bibi naye hakupeleka, akisema: "Kodi nimelipia karo ya watoto wake, mwenye jina katika hati ndiye mwenye deni." Mwezi wa pili ukawa vivyo hivyo, na wa tatu. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe aogope kwanza.

Tulipowasikiliza, kila mmoja kwa wakati wake, tuliona kwamba hakuna aliyekuwa akisema uongo. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi zaidi. Watu wawili wenye haki, kila mmoja ameshika upande wake, wanaweza kuipoteza nyumba haraka kuliko mlevi mmoja.

Maswali mawili yasichanganywe

Ipo haja ya kutenganisha mambo mawili ambayo askari wetu huyafanya kuwa moja. La kwanza ni hili: ni nani anayedaiwa na mkopeshaji? La pili: ni nani atakayehesabiwa kuwa amechangia nyumba, na kwa kiasi gani, ikiwa ndoa itavunjika? Swali la kwanza hujibiwa na karatasi. La pili hujibiwa na mahakama, tena baada ya muda mrefu.

Kwa mkopeshaji, mwenye deni ni yule aliyetia sahihi kama mkopaji. Kuhama nyumba hakumwondolei deni, wala kufungua kesi ya talaka, wala kuhamishwa kikosi kutoka Mbale kwenda Moroto. Ikiwa wote wawili wametia sahihi kama wakopaji, mkopeshaji anaweza kumdai yeyote kati yao deni zima, si nusu. Habari ya nusu kwa nusu ni yao wenyewe. Lakini bibi aliyetia sahihi ya idhini peke yake hakuwa mkopaji. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, na Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inataka idhini hiyo hiyo kwa ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia riziki. Maana ya sahihi hiyo ni kwamba amekubali nyumba isimame kama dhamana. Hatafuatwa mfukoni mwake, lakini dari iliyo juu ya kichwa chake inaweza kuuzwa. Kwa hiyo bibi wa Sajini alikuwa na haki aliposema kwamba deni si lake, na alikuwa amekosea alipodhani kwamba kwa sababu hiyo hasara haitakuwa yake.

Hapa tupige mbio kidogo kueleza jambo ambalo baadhi ya askari huliona kuwa ujanja. Wapo wanaochukua mwanamke mwingine na kumpeleka kwa mkopeshaji atie sahihi kama mke, ili mke wa nyumbani asijue. Rehani ya namna hiyo ni batili mbele ya sheria, na kudanganya katika hati ni kosa la jinai. Askari aliyepewa bunduki na taifa hafai kuchezea kalamu namna hiyo. Kadhalika wapo walioishi na mwanamke miaka 10 bila ndoa ya aina yoyote inayotambuliwa, iwe ya kanisani, ya msikitini, ya kimila au ya serikalini. Kuishi pamoja, hata kukiwa kwa muda mrefu namna gani, hakumfanyi mtu kuwa mke kwa sheria ya Uganda, na ulinzi huu wa idhini waweza kumkwepa mwanamke huyo. Anayempenda mama wa watoto wake na aiandikishe ndoa yake.

Hesabu ya kungojeana

Turudi kwa Sajini. Katika miezi ile 24 walikuwa wamekwisha kulipa zaidi ya shilingi milioni 6. Alipoulizia salio aliambiwa kwamba bado anadaiwa kama milioni 7. Alidhani ameibiwa. La, hakuibiwa. Miaka ya mwanzo ya mkopo wa namna hii sehemu kubwa ya malipo huliwa na riba, na deni lenyewe hupungua polepole. Ni katika miaka ya mwisho ndipo mkopaji huanza kuona faida ya jasho lake. Ndiyo kusema kwamba wao waligombana katika wakati mbaya kabisa, walipokuwa wametoa nyingi na kupata kidogo.

Miezi mitatu ya kungojeana ilikuwa shilingi 762,000, mbali na adhabu ya kuchelewa. Ndipo ilipofika notisi. Kwa mujibu wa Sheria ya Rehani, mkopaji aliyekosa kulipa hupewa siku 45 za kazi arekebishe kosa lake, yaani majuma tisa hivi. Zikipita hizo bila malipo, mkopeshaji anaweza kutoa notisi ya kuuza, na haruhusiwi kukamilisha mauzo mpaka siku nyingine 21 za kazi zipite. Notisi hii ya pili yapasa apelekewe mwenzi wa mkopaji pia. Ukijumlisha, ni miezi mitatu na siku chache kutoka barua ya kwanza hadi dalali kusimama langoni. Askari aliye katika operesheni anaweza kuimaliza miezi hiyo porini, na barua zikawa zimelala katika sanduku la posta.

Wengine hutuambia: "Tutakwenda mahakamani kuzuia mnada." Naam, njia hiyo ipo, na mwenzi wa mkopaji pia anaruhusiwa kuifuata. Lakini Kanuni za Rehani za mwaka 2012 zinasema kwamba mahakama ikiahirisha mnada, mwombaji aweke amana ya asilimia 30 ya thamani ya nyumba kwa mauzo ya haraka, au ya deni lililobaki. Kwa deni la Sajini, asilimia 30 ni zaidi ya milioni 2. Mtu aliyeshindwa kutoa 762,000 kwa hasira atatoa wapi milioni 2 kwa hofu? Kwa mwombaji aliye mke au mume wa mkopaji, mahakama huamua kama amana hiyo itamhusu au la. Ni huruma nzuri ya sheria, ila haifai mtu aijengee mipango.

Nayo nyumba ya mnada, kila mtu aliyepita karibu na mnada anajua, haiuzwi kwa bei ambayo mwenyewe angeiuza akiwa ametulia.

Aliyelipa atapata nini?

Kinachowazuia watu kulipa si ukosefu wa fedha peke yake. Ni ile hofu ya kuwa mjinga: kwamba mimi nitalipa leo, kisha kesho mahakama impe mwenzangu nyumba. Hofu hiyo tunaiheshimu, ila msingi wake ni dhaifu.

Mahakama ya Juu ya Uganda, katika rufani ya Julius Rwabinumi dhidi ya Hope Bahimbisomwe iliyoamuliwa mwaka 2013, ilikataa wazo kwamba ndoa peke yake hugeuza mali yote kuwa ya nusu kwa nusu. Katiba ya mwaka 1995 inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, lakini fungu la kila mmoja katika mali ya ndoa hutazamwa kwa mchango wake. Na mchango huo, mahakama ilisema, waweza kuwa wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja, wa fedha au usio wa fedha. Kwa hiyo Sajini anayekatwa mshahara ana mchango. Bibi anayelea watoto, anayelipa chakula ili mshahara ubaki kwa ajili ya benki, anayejenga ukuta ulioangushwa na Nabuyonga, naye ana mchango. Anayelipa rehani peke yake wakati wa ugomvi hatupi fedha mtoni; anaandika hesabu yake, maadamu ana ushahidi. Hapo ndipo risiti ya saruji ingemfaa bibi yule.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo. Katika Tanzania, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia hakuzitumia kwa maendeleo hayo. Anayekusanya kodi ya wapangaji na aizingatie habari hiyo. Kenya imekwenda mbali zaidi: Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema waziwazi kwamba deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na wote wawili sawasawa. Sisi twaona hicho ni kipimo cha haki hata kwa wale ambao sheria hiyo haiwahusu: kama mkopo ulijenga paa la watoto, basi ni mkopo wa wote wawili, hata kama sahihi ni ya mmoja.

Tulilowashauri

Hatukuwashauri wapatane. Kupatana ni kazi ya wazee wa pande mbili, mchungaji au shehe, na wao walikuwa wamekwisha kushindwa mara mbili. Tuliwashauri walipe kwanza, kisha wagombane wapendavyo.

Jambo la mwanzo lilikuwa kwenda kwa mkopeshaji wote wawili kabla siku zile 45 hazijaisha. Askari wengi hukimbia benki wakati wa shida kama vile benki ni adui. Mkopeshaji hapendi mnada kama watu wanavyodhani. Mnada una gharama, una kesi, una maneno ya watu. Akiendewa mapema aweza kuyagawa malimbikizo katika miezi mingi. Akiendewa siku ya mwisho, faili limekwisha kuhama mezani kwake likaenda kwa wakili.

La pili lilikuwa maandishi. Mapatano ya mdomo yaliyowatosha wakati wa mapenzi hayakuwatosha tena. Waliandika karatasi moja fupi, mbele ya mashahidi kutoka kila upande, inayosema nani atatoa kiasi gani kila mwezi mpaka mahakama iamue vinginevyo, na kwamba kulipa huko hakupunguzi wala hakuongezi madai ya yeyote juu ya nyumba. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyolainisha shingo zao. Walipoona kwamba kulipa si kushindwa, hasira ikapata mahali pa kukaa.

Kama mmoja wao angekataa kuandika, bado yule mwingine angeweza kuiomba mahakama inayosikiliza shauri la ndoa itoe amri ya muda juu ya nyumba na malipo yake. Na anayehofu kwamba mwenziwe atauza kwa siri anaweza kuweka kaveti katika afisi ya ardhi. Kwa askari anayetumwa nje ya nchi tunaongeza hili: amwachie mtu anayemwamini hati ya uwakala kwa ajili ya benki na wapangaji, na ampe mkopeshaji anwani ambayo barua itasomwa.

Wapo pia wenzetu ambao mkopo wao umetoka katika chama cha akiba, na makato hufanywa moja kwa moja katika mshahara. Hao husema kwamba wao hawana tatizo. Ni kweli kwamba makato hayasimami kwa sababu ya ugomvi. Lakini mara nyingi askari huyo, akiona mshahara umeliwa na nyumba asiyolala ndani yake, hukopa kwingine ili aishi, na mkopo wa pili ndio unaomwangusha. Akishindwa, wadhamini wake, yaani askari wenziwe wa kombania moja, ndio wanaoguswa. Tumepata kuona kikosi kikikosa kusalimiana kwa sababu ya jambo kama hilo.

Kwa makamanda na maofisa wa vituo tuna neno moja. Mkubwa wa kikosi hana mamlaka ya kumwamuru mkopeshaji asimamishe deni, wala ya kumtoa bibi katika nyumba kwa kuwa askari wake amelalamika. Nacho kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia kinaweza kuwasikiliza na kulinda watoto, lakini si mahakama ya rehani. Kumpa askari ruhusa ya siku mbili aende benki na mkewe kuna faida kuliko kumtolea hotuba gwarideni.

Mkopeshaji wa Sajini alikubali malimbikizo ya 762,000 yagawanywe katika miezi 12, yaani 63,500 kila mwezi, mbali na riba yake, juu ya lipo la kawaida. Jumla ikawa 317,500. Vyumba vinne vya uani huleta 200,000, nazo bibi huzipeleka benki tarehe 5 bila kuzigusa. Sajini hutoa 117,500 zinazobaki, na karo wanaigawana. Kila lipo lina risiti, na kila risiti hupigwa nakala. Ya bibi hukaa katika kopo la biskuti juu ya kabati, ya Sajini katika sanduku lake la chuma kambini. Shauri lao la ndoa lilikuwa bado halijapangiwa siku ya kusikilizwa mara ya mwisho tulipoonana nao, nao walikuja kwa boda mbili tofauti.